Kelele ya puli ya AC isikununulishe kompresa

Msomaji mmoja wa Nkuhungu kanitumia WhatsApp sauti ya injini yake ikikwaruza kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Fundi kamwambia kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, imekufa, atafute used. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi.

Nilimuuliza kitu kimoja: AC ukiizima, mlio unabaki? Unabaki, akasema. Basi kompresa isihukumiwe bado. Puli, lile gurudumu la mbele ya kompresa, huzungushwa na mkanda muda wote injini ikiwaka. Kompresa yenyewe, kwenye magari mengi, husubiri koili, yaani sumaku ya umeme, ipate umeme, ivute sahani ya mbele ishikane na puli. Mlio usiojali AC imewashwa au imezimwa, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya puli, zile gololi zinazoiwezesha kuzunguka. Unaoanza ukibonyeza AC tu, huo huenda uko ndani ya kompresa, mpelekee mtu wa AC.

Mimi nilipouliza kama beringi haiuzwi peke yake, fundi aliwageukia wenzake wakacheka. "Bosi, wewe ya ofisini unayajua, haya tuachie." Ilikuwa Novemba, jua la Dodoma mnalijua, na alitaka hela ya kompresa, ya gesi na ya ufundi. Hilo "tuachie" bado ninalo.

Nikafungua mwenyewe nyumbani, chini ya mwarobaini. Gesi haiguswi kabisa, mabomba yanabaki yalipo. Chomoa waya wa hasi wa betri, piga picha njia ya mkanda, kisha uutoe. Zungusha puli kwa mkono: ikikwaruza au ikicheza, umempata mwizi. Fungua bolti ya katikati, vuta sahani, na hapo tega kiganja, maana kuna vipete vyembamba kwenye shafti ambavyo vikidondokea mchangani utalia. Toa pete ya kubana kwa koleo lake, puli inachomoka.

Beringi ya zamani nenda nayo dukani, namba iko ubavuni. Mpya isukume polepole kwa jiliwa ukikandamiza pete yake ya nje. Ukigonga ya ndani kwa nyundo, unaharibu gololi kabla gari halijatoka getini.

Ukirudisha, pima nafasi kati ya sahani na puli. Kwa magari mengi ni kama milimita 0.3 hadi 0.6, kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Vile vipete ndivyo vinavyoirekebisha. Ikibana mno sahani inasugua muda wote. Ikiachana mno koili ikipata joto inashindwa kuvuta, nawe uko njia ya Mtera saa saba mchana.

Yangu ilinyamaza. Nilipita gereji ileile madirisha yamefungwa, taratibu, makusudi.

Ndugu zangu, tunasomesha watoto, tunajenga Ihumwa, halafu boneti ya gari letu tunaiogopa! Uliza. Omba uoneshwe kilichokufa. Fundi mkweli hachukii swali.

Ila usiendeshe na mlio huo ukisubiri mshahara. Beringi ikikwama, mkanda unaungua au unakatika, na kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha altaneta inayochaji betri, mengine hata pampu ya maji. Kama lazima gari litembee, duka la spea linaweza kuwa na mkanda mfupi unaoiruka kompresa, lakini upangaji wa puli wa gari lako uwe unaruhusu.