Harufu ya mawese imeniliza sokoni

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Juzi hapa Ujiji nilipita mahali wanapochemsha chikichi, harufu ya mawese ikanipiga, machozi yakanitoka kabla sijajua nalia nini. Je, ni ugonjwa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Si ugonjwa hata kidogo.

Tunachokiona na kukisikia hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo kigawanywe. Harufu ina njia yake ya mkato. Ikigusa utando ulio juu kabisa ndani ya pua, ujumbe hufika upesi kwenye amigdala, panapochemka hisia, na kwa jirani yake hipokampasi, mtunza kumbukumbu. Ndiyo maana chozi lilitangulia, jina la mama likafuata. Linda Buck na Richard Axel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua vipokezi vya harufu. Binadamu tuna aina kama 400.

Mimi ni dagaa walioanikwa mchangani, wakinyeshewa kidogo asubuhi. Nikiwanusa tu, namwona baba akishuka mtumbwini, suruali imekunjwa hadi magotini, karabai mkononi bado ya moto.

Usiikwepe njia ile. Nunua chupa ya mawese, pika maharage kama alivyopika yeye, na wanao wakiwa jikoni wasimulie habari za bibi yao. Ila ukianza kunusa harufu ambayo wenzako hawaisikii, hapo muone daktari.