Mitungi ya hewa ya mwaka 1985
Ndugu, kabla hujalipia mitungi hiyo miwili ya kuzamia ya mwaka 1985 kutoka Marekani, soma alama zilizogongwa begani mwa kila mmoja, kwa kuwa mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa huko kabla ya katikati ya 1988 ni ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo huweza kupata nyufa shingoni, kwenye hesi (mikato ya kukazia) za valvu, hata ikikaa tu stoo ikiwa na hewa. Kwa nje huonekana mizima kabisa. Kipimo cha kuujaribu mtungi kwa shinikizo la maji, ambacho Marekani hufanywa kila baada ya miaka 5, hakitoshi peke yake. Fundi lazima afungue valvu na kukagua hesi hizo kwa kifaa maalumu. Mimi nisingeinunua, na tafadhali isijazwe hewa kabla ya ukaguzi huo, maana ikipasuka, aliye hatarini zaidi ni anayeijaza.