Hakunibusu wala hakuniletea ua: mume wangu ananipenda kweli?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Makorora hapa Tanga, na huu ni mwaka wa pili tangu niolewe. Mume wangu ni fundi seremala, mtu wa swala tano, hana makuu. Hata kitanda tunacholalia alikichonga mwenyewe kwa mninga kabla ya harusi. Shida ni mahaba. Tarehe 14 Februari, siku ya Valentine, wenzangu walipewa maua na kadi, mimi nikaletewa changu wawili wa kukaanga. Nilipouliza, akasema hiyo ni sikukuu ya kipagani, watu walikuwa wakichapana kwa ngozi za mbuzi. Kwa hasira nikaweka status: "Wengine tumeolewa na mbao." Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Kubusu ndiyo kabisa: nikimsogelea anageuza uso, anasema hayo mambo ya sinema. Je, ananipenda kweli? Na mwakani nidai ua langu au ninyamaze?*
— Mke wa Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo siku yenyewe, maana mmenuniana kwa ajili yake na kila mmoja ana nusu ya habari.

Mumeo hakutunga. Roma ya kale ilikuwa na sherehe iliyoitwa Lupercalia, ikifanyika tarehe 15 Februari. Walichinja mbuzi, ngozi ikakatwa vipande, kisha vijana wakakimbia mjini wakiwachapa nazo wanawake, kwa imani kwamba wangepata uzazi. Hapo yuko sawa. Ila sherehe ile haikuwa ya wapendanao, na wanahistoria hawajapata ushahidi unaoifunga na kadi na maua ya leo. Valentine mwenyewe alikuwa shahidi wa Kikristo, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, wa karne ya 3. Tena husimuliwa habari za wawili, kasisi wa Roma na askofu wa mji wa Terni, na ile hadithi ya kuwaozesha askari kwa siri iliongezwa baadaye sana. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliitoa sikukuu yake katika kalenda kuu ya ibada, kwa kuwa yanayojulikana kumhusu ni machache mno.

Mahaba yaliingia kwa mlango wa shairi. Katika miaka ya 1380 hivi, mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, alitunga shairi refu kuhusu ndege wanaokutana siku ya Mtakatifu Valentine, kila mmoja achague mwenzake. Wachunguzi wamepekua maandishi ya kabla yake na hawajaona mahali ambapo siku hiyo inahusishwa na mapenzi. Kwa hiyo siku unayoililia ilianza na ndege wa kwenye shairi. Kadi za dukani ni mambo ya karne ya 19, posta ilipokuwa rahisi na wenye viwanda wakaona faida.

Kuna barua moja ya siku hiyo ambayo ninaipenda sana, na ningetaka uijue. Februari 1477, binti wa Kiingereza aliyeitwa Margery Brews alimwandikia mchumba wake, John Paston, akimwita Valentine wake mpendwa. Ndiyo barua ya Valentine kongwe kuliko zote zilizobaki kwa Kiingereza. Na inazungumzia nini? Mali. Kwa desturi yao baba wa binti ndiye aliyetoa mali, upande wa John ukataka zaidi, baba akagoma. Margery akamweleza John kwamba mama yake amejitahidi kumshawishi baba na hakuna kilichoongezeka, na kwamba kama anampenda kweli, hatamwacha kwa sababu hiyo. Walioana mwaka uleule.

Angalia alichofanya yule binti. Alichokuwa anakiogopa na alichokuwa anakitaka alimwambia mhusika mwenyewe, wazi, bila kuzunguka. Wewe ulikuwa na maneno mazito kama hayo, ukamwambia kila mtu mwenye namba yako ya simu. Status hujifuta baada ya saa 24, lakini wifi zako wameshaisoma, na sitashangaa kama wateja wake nao wameisoma. Mbao ndiyo kazi inayowalisha nyumbani kwenu, nawe umeifanya tusi. Hilo ni kosa lako, mwanangu, na nakwambia kwa sababu nakutakia mema: kamwombe radhi kwanza, bila kuchomekea "lakini na wewe". Habari ya maua ingoje siku nyingine.

Sasa kubusu. Najua hili ndilo linalokuuma zaidi, ingawa umelitia mwishoni mwa barua. Mwaka 2015 wanaanthropolojia walichapisha utafiti wao kuhusu jamii 168 duniani, kuona wapi wapenzi hubusiana mdomoni. Walikuta ni asilimia 46 tu, hata nusu haifiki. Watu wengi mno wamependana, wakazaa, wakazeeka pamoja bila midomo kukutana. Kwa hiyo uso unaogeuka hauwezi peke yake kukwambia kwamba hupendwi.

Lakini hilo la sinema, mumeo amekosea. Vibao vya udongo vya Mesopotamia ya kale, huko iliko Iraq ya leo, vyenye umri wa miaka kama 4,500 vinataja busu la mdomoni, na wakati huo sinema ilikuwa wapi? Na kwa kuwa ni mtu wa swala tano, lipo lililo karibu naye zaidi. Bibi Aisha amesimulia, katika hadithi iliyo sahihi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwabusu wakeze hata akiwa amefunga. Busu la mume kwa mkewe halina aibu yoyote katika dini yake. Mkumbushe kwa upole, mkiwa mmekaa vizuri. Usimtolee hadithi kama wakili anayetoa kielelezo mahakamani, atajifunga zaidi.

Kisha muulize na usikilize. Wanaume wengi wa huku kwetu wamekulia nyumba ambazo hawakuona hata mara moja baba akimshika mama mkono, basi hawajui waanzie wapi, na aibu huifunika kwa ukali. Huenda pia ana jino linalomsumbua na anaona haya. Huenda ni wewe ulikuwa umetoka kula dagaa. Yaulizwe haya bila kucheka. Chagua saa: usiku mmeshakula, ameoga, simu ziko mbali, si wakati anaingia mlangoni na vumbi la mbao kichwani. Anza na kiganja chake, au paji la uso asubuhi anapotoka. Mengine yatakuja yenyewe kama yatakuja. Na kama mkishazungumza bado hapendi mdomoni, usimlazimishe, kama nawe usivyotaka kulazimishwa.

Unauliza kama anakupenda. Mwanangu, mninga ni mti mgumu, na bei yake unaijua. Mtu aliyekaa jioni baada ya kazi za watu, akipasua, akipiga randa, akisugua msasa kwa ajili ya mke ambaye bado hajaingia ndani, alikuwa akikuwaza. Umeliandika hilo kwa sentensi moja tu, kama kwamba ni la kawaida. Si la kawaida hata kidogo.

Ila sitakwambia uridhike na kitanda, na hapa namgeukia mumeo, msomee ukipenda. Baba, kukataa tarehe 14 Februari ni haki yako, na ukiikataa kwa ajili ya imani yako nakuheshimu. Lakini umeikataa siku moja, ukazinyima na nyingine zote. Changu wawili ni riziki, mkeo ameomba neno. Usiniambie mwanamume wa Tanga hajui kusema mahaba: Shaaban Robert alizaliwa hapa Vibambani mwaka 1909, na shairi lake la kumlilia mkewe Amina linasomwa mpaka leo. Yeye aliliandika Amina akiwa keshafariki. Wako yuko hai, yuko Makorora, anangoja.

Kuhusu mwakani, usidai ua. Waridi jekundu la tarehe 14 utalipata kwa ugomvi, na lililopatikana hivyo halinukii. Mwambie wiki hii unachotaka, kwa vitu vya kwetu ambavyo havigongani na dini yake: asmini jioni ya siku yoyote anayoitaka yeye, na kila baada ya muda doti ya kanga. Ulimi wake ukiwa mzito, kanga inayo maandishi, na hayo ayachague mwenyewe dukani, usimsaidie.