Maswali ya Wasomaji: Daraja la Nne Limejaa, Je, Shule ni Mbovu?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya kata iliyo jirani nasi. Kaka yangu, ambaye mtoto wake anasoma Kilakala, alinifungulia kwenye simu matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyo: daraja la kwanza ni watatu tu, na daraja la nne limejaa ukurasa. Ananishauri niuze kishamba changu nimpeleke mtoto shule ya binafsi. Je, matokeo hayo yanatosha kuihukumu shule?
Mama Mzazi, Morogoro

JIBU: Mama, shamba lisiuzwe kwanza. Matokeo aliyokuonyesha kaka yako ni ya kweli, ila Kilakala si mizani ya kuyapimia. Kilakala, kama Msalato, Ilboru, Mzumbe, Kibaha na shule mbili za Tabora, ni shule ya vipaji maalumu: inapokea watoto waliopata alama za juu kabisa katika mtihani wa darasa la saba, wakitoka mikoa mbalimbali, nao hulala bwenini. Shule ya kata huchukua watoto wa vijiji vinavyoizunguka, aliyefaulu sana na aliyefaulu kwa taabu, na wengi wao wamefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba kisha wanakutana na fizikia kwa Kiingereza. Sehemu kubwa ya tofauti unayoiona katika matokeo ya kidato cha nne ilishaingia getini siku ya kuripoti, kabla mwalimu hajashika chaki. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo yaliyotolewa Januari 2023, na kwa maoni yangu lilichelewa.

Sasa tulitazame hilo daraja la nne, maana ndilo linalowatisha wazazi wengi na ndilo lisiloeleweka. Mwanafunzi huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na kadiri pointi zinavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni sifuri. Mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, yuko daraja la tatu. Mwenzake mwenye C mbili na D tano ana 26, tayari yuko daraja la nne, ingawa kilichowatenganisha ni somo moja tu. Lakini mwenye D mbili na F tano, yaani pointi 33, naye yumo katika daraja hilohilo la nne, na kwenye taarifa za ufaulu wa jumla wote hawa wanahesabiwa kuwa wamefaulu. Kwa hiyo mwombe kaka yako ashuke hadi kwenye pointi za mtahiniwa mmoja mmoja. Daraja la nne lililojaa 26, 27 na 28 ni la shule iliyokaribia kuvuka, na lililojaa 32 na 33 lina habari nyingine kabisa.

Jambo la pili halimo katika ukurasa huo, nalo ndilo ninaloliona zito kuliko yote: ni wangapi walioanza? Tuseme wanafunzi 200 waliripoti kidato cha kwanza, waliofika kwenye mtihani wa kidato cha nne ni 120, na 108 kati yao wamefaulu. Itatangazwa asilimia 90, na ni sahihi, lakini kwa kundi lililoingia getini hiyo ni asilimia 54. Si wote waliokosekana walioacha shule, kwani wapo waliohama na wapo waliokariri kidato cha pili baada ya kushindwa upimaji wa taifa. Mwalimu wa taaluma anaweza kukueleza mgawanyo huo kwa daftari lake la uandikishaji. Akisita kulifungua, hilo nalo ni jibu.

Muulize pia idadi ya wasichana peke yake. Muhtasari wa matokeo hutenganisha wasichana na wavulana, kwa hiyo ukilinganisha waliofanya mtihani na walioandikishwa, utaona kama mabinti wanapungua njiani kuliko wenzao. Wakipungua sana, tafuta sababu nje ya darasa: umbali wa kutembea, kukosekana kwa hosteli, au mabinti kupanga vyumba mtaani wanakoishi bila mtu mzima. Tangu ada ilipofutwa kidato cha kwanza hadi cha nne, Januari 2016, watoto wa familia zisizo na kitu wamepata nafasi ya kuingia sekondari, na hilo ni jema. Lakini nauli, sare na chakula cha mchana bado vinatoka mfukoni mwa mzazi.

Mwisho, pitia somo kwa somo. Hisabati hufanya vibaya nchi nzima mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo F za hisabati peke yake hazisemi mengi. Ila ukiona kemia au fizikia ina watahiniwa wachache mno, au karibu wote wamepata F huku biolojia ikiwa nzuri, uliza kama mwalimu wa somo hilo yupo na amekuwapo kwa muda gani.

Ukiyapata hayo, linganisha shule hiyo na shule nyingine ya kata ya jirani inayopokea watoto wa aina ileile, kwa matokeo ya miaka mitatu na si mmoja. Ikiwa bado inaachwa mbali, zungumza na mkuu wa shule hiyo ya jirani kuhusu nafasi ya uhamisho kabla hujamtafuta mnunuzi wa shamba.