Kabla ya Mnyororo wa Chuma, Fungua Giaboksi

Wiki hii kijana mmoja wa Moshi ameniandikia kwa uchungu. Amenunua mnyororo wa chuma wa kifaru chake cha rimoti, mfano mdogo wa kifaru cha vita cha Tiger, wa kampuni ya Heng Long, kipimo cha 1/16, akaufunga jioni ileile, na kabla betri haijaisha sproketi za plastiki zilikuwa zimelika meno. "Kaka, nimeuziwa feki?" ameniuliza.

Hapana, mdogo wangu. Mnyororo wako ni mzima. Shida ni kwamba umeanza na kipuri cha mwisho, na wengi wetu tunavutwa na hichohicho kwa sababu mnyororo ndio unaoonekana, na ule mlio wake juu ya changarawe ndio uliotuingiza kwenye mambo haya. Muulize dereva yeyote wa bodaboda: cheni mpya haifungwi kwenye sproketi iliyochoka. Chuma kinakula plastiki, na ukishaweka sproketi za chuma, mzigo haujapotea. Umehamia ndani, kwenye gia.

Mimi niliagiza giaboksi za chuma kwanza, yale makasha ya gia yanayopeleka nguvu ya mota kwenye sproketi, na kwa hilo nilisemwa sana. Kifaru kilikaa juu ya kabati kikiwa kimefunguliwa tumbo, miezi na miezi, wakati wenzangu wanarusha video za minyororo inayong'aa. Shemeji yangu alisema mezani, watoto wangu wakisikia, kwamba mtu mzima anayeagiza vyuma vya midoli kutoka China hawezi kukosa deni la ada. Ada nilikuwa nimeshalipa. Sikumjibu, lakini neno lile bado ninalo.

Giaboksi zilipofika, matundu ya skrubu hayakulingana sawasawa na sakafu ya kifaru. Nikazipeleka kwa fundi mmoja kule mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mtu mwenye mashine nzuri ya kutobolea. Nilimweleza taratibu. Akazitazama, akacheka, akasema hizi za watoto, kisha akaigonga shafti kwa nyundo ili ikae. Shafti ya unene wa penseli, nyundo ya kazi za lori! Ilipinda, na sproketi ikawa inayumba kila mzunguko. Hela yangu hakurudisha, samahani hakusema. Kinachoniuma zaidi ya hela ni kile kicheko, maana fundi anayedharau kazi ya mteja hata iwe ndogo, hiyo kubwa ataifanyaje? Tangu siku hiyo natoboa mwenyewe kwa drili ya mkono, polepole.

Basi, kazi yenyewe. Giaboksi zifungwe, halafu uziendeshe bila mnyororo, kifaru kikiwa kimeinuliwa juu ya kipande cha ubao, mbele na nyuma kwa mwendo mdogo. Sikiliza. Upande mmoja ukilia tofauti na mwingine, usiendelee. Fungua utazame meno na uhakikishe mota imekaa sawa. Grisi iwekwe humo ndani tu. Ukipaka mnyororo mafuta hapa Arusha, vumbi letu la mlimani linanata na kuwa msasa, na litasaga pini zote. Mnyororo uachwe mkavu.

Kisha sproketi, pamoja na yale magurudumu ya nyuma ya kukazia mnyororo, vyote viwe vya chuma. Skrubu za chuma kwa chuma hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo weka tone la Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Nyekundu iache, hiyo haifunguki mpaka upashe moto, na moto karibu na bodi ya plastiki ni hasara. Hata hiyo ya bluu usiiguse kwenye plastiki, inaweza kuipasua.

Hapo ndipo mnyororo unaingia. Pitia pini moja moja kwa kidole, iliyochomoza irudishe. Usiukaze kama uzi wa gitaa. Tiger haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo, kwa hiyo upande wa juu unatakiwa ulale kidogo juu ya magurudumu makubwa. Ukikaza sana mota zinahema, waya zinapata moto, hasa unapogeuza kifaru papo hapo, upande mmoja mbele na mwingine nyuma. Kugeuza namna hiyo ndiko kunakovunja gia kuliko kupanda mlima.

Wanaosema haya ni ya watoto wasome walichopata wakubwa. Panther, kifaru cha vita cha Ujerumani, ilikusudiwa iwe na tani 35 hivi, chuma kikaongezwa mpaka ikakaribia 45, na gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye sproketi zikabaki dhaifu. Kuanzia ilipoingia vitani Kursk, Urusi, mwaka 1943, gia hizo ziliitesa mpaka mwisho. Wahandisi wale walikuwa na viwanda, na bado uzito uliwashinda. Wewe una bisibisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa nini uongeze uzito kabla ya kuongeza nguvu? Subira inauma, najua, lakini vijana tunapenda kuonekana kabla ya kuwa tayari, na si kwenye vifaru peke yake.

Kifaru changu leo kinapanda njia za mawe za Ilboru, na shemeji aliyesema maneno yale amesimama akakitazama mpaka juu. Watoto wangu walikuwepo.

Nikirudi kwako wa Moshi: mnyororo uvue, uuweke. Usinunue sproketi kwanza. Fungua giaboksi, zile za plastiki zilizokuja na kifaru, uangalie kama meno ya gia yameanza kung'oka, na uokote vijiwe kati ya magurudumu, maana ya Tiger yamepandana na kokoto ikinasa humo hutaiona kwa nje. Nipigie picha ya shafti zote mbili kwa ubavu. Zikiwa zimenyooka, nitakuelekeza giaboksi za kuagiza.