Maswali na Majibu: Pikapu ya Zamani na Mafuta Inayokula

Safari hii nimechagua maswali ya wenye pikapu za zamani, hasa zile za dizeli zenye injini za Toyota za aina ya 2L, 3L na 5L, ambazo hadi leo zinabeba zabibu za Hombolo, mahindi ya Kibaigwa na samaki wa Mtera.

Pikapu yangu inakula mafuta sana. Nifanye nini? (Msomaji, Area D)

Swali hili hunifikia kila mwezi, na kila mwezi huja bila tarakimu hata moja. Neno "sana" si kipimo, na kuweka mafuta ya shilingi elfu ishirini kila siku huku ukitazama mshale wa tangi si kupima. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, safiri, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka lijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Aliyekwenda Iringa na kurudi, kilomita kama 520, kisha tangi likapokea lita 52, gari lake linakwenda kilomita 10 kwa lita. Nasema kwenda na kurudi kwa makusudi, kwa sababu Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, barabara inashuka hadi karibu mita 700 pale Mtera, halafu inapanda hadi zaidi ya mita 1,500 kufikia Iringa. Anayepima upande mmoja hupata jibu la mlima, si la gari. Rudia mara tatu ukiwa na mzigo unaolingana, na uandike katika daftari. Asiye na daftari hilo atabadilishiwa nozeli, yaani vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, atauziwa vikorokoro, na hatajua kamwe kama fedha yake imefanya kazi.

Pikapu yangu ya 3L ilikuwa inachemsha. Fundi akatoa themostati, akasema Dodoma ni joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Sasa haichemshi, lakini mafuta yanaisha upesi kuliko zamani. Je, kuna uhusiano? (Mfanyabiashara wa nafaka, Kizota)

Uhusiano upo, na ninaomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu hakuna kosa la gereji linaloniumiza kama hili. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi ni nyuzi kati ya 80 na 90 za Selsiasi, kisha kuyaachia kwa kiasi kinachohitajika. Joto la hewa ya Dodoma, hata katika Novemba kali, halifiki nusu ya hapo. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini inafanya kazi ikiwa na ubaridi, dizeli haiungui yote, oili inabaki nzito, na sehemu ya mafuta yasiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuiosha oili inayozilinda pistoni na ringi zake. Leo unalipa sheli. Baadaye utalipa kufungua injini.

Liko jambo baya zaidi ambalo mafundi wengi hawalijui. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani kwa chini ambacho huziba njia ya mkato ya maji wakati mlango wa rejeta unapofunguka. Ikiondolewa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana gari lisilo na themostati linaweza kukaa baridi ukiwa mjini, kisha likachemsha vibaya ukiwa mlimani na mzigo. Mimi mwenyewe niliwahi kutolewa themostati katika gereji moja bila kuambiwa, nikagundua nikiwa nimeshapita Bahi asubuhi ya Julai, baada ya zaidi ya kilomita hamsini, mshale wa joto ukiwa bado umelala chini. Niliporudi kuidai niliambiwa imeshatupwa.

Gari lako lilipochemsha lilikuwa linaeleza ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo bado uko palepale. Tazama kama rejeta imezibwa na vumbi na mbegu za nyasi kwa nje, au na ukoko kwa ndani, maana maji ya visima vyetu yana chumvi na wengi wameyamimina humo kwa miaka. Kagua mfuniko wa rejeta, feni na mkanda wake, kisha gasketi ya silinda hedi. Rudisha themostati mpya, tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na fundi akikataa kuirudisha, tafuta mwingine.

Kuna sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Zinasaidia? (Wasomaji wanne tofauti)

Hapana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limevipima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno, tena ni faida ndogo. Bei ya sumaku hiyo nunulia filta.

Shikamoo mzee. Nikiteremka mlima wa Nyang'oro huwa naweka nyutro ili niokoe dizeli. Wenzangu wananicheka. Ni kweli naokoa? (Dereva, njia ya Iringa)

Marahaba, na ninakuombea ufike salama, kwa sababu unachofanya ni hatari na wala hakiokoi. Ukiwa kwenye gia na umeachia kabisa pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana, yaani kidhibiti cha pampu ya dizeli, hukata mafuta mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensa, yaani ule wa injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka nyutro, injini haina tena wa kuizungusha, hivyo inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Kwa maneno mengine, kwenye mteremko uleule, aliye kwenye gia ya tatu anachoma kidogo kuliko wewe. Tena umejinyima breki ya injini katika mlima wenye kona kali, ukiwa na tani ya mzigo mgongoni. Breki zikipata moto zinapoteza nguvu, na ukitaka kurudisha gia wakati mwendo umeshakuwa mkubwa, itakataa kuingia. Anayeendesha pikapu ya petroli yenye kabureta anaweza kuniambia kwamba injini yake hunyonya mafuta kidogo hata ikiwa kwenye gia. Ni kweli, lakini hata yeye namkataza, kwa kuwa kikombe cha petroli hakilingani na maisha ya waliopanda nyuma.

Nikishusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite, nitaokoa mafuta? (Msomaji, Manyoni)

Hapana, ufunge, na mzigo wako utabaki ndani.

Pikapu yangu inatoa moshi mweusi, hasa nikipanda. Ilinunuliwa Dar es Salaam. Filta ya hewa napuliza kila wiki. (Mkulima wa alizeti, Kongwa)

Moshi mweusi ni dizeli uliyoinunua ikitoka bila kuungua yote, kwa hiyo umefanya vyema kuuliza. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, haina namna ya kuifidia. Mtu akikaza skrubu ya pampu ya dizeli kule Dar es Salaam ili gari liwe na nguvu, likifika kwetu mafuta yanazidi hewa na moshi unatanda. Ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, airudishe pampu kwenye kipimo chake na ajaribu nozeli zote. Usikubali pampu iguswe kwa bisibisi chini ya mwembe. Kuhusu filta, kuipuliza kila wiki ndiyo njia ya kuitoboa. Upepo wa kompresa hupasua karatasi kwa matundu usiyoyaona, na vumbi la barabara za Kongwa likishaingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Ikung'ute taratibu mara chache, kisha nunua mpya.

Tangu niweke matairi makubwa, kilomita kwa lita zimepungua. (Kijana, Nkuhungu)

Sehemu ya upungufu huo ni ya daftari tu. Tairi lenye mzingo uliozidi kwa asilimia 10 hutembea kilomita 110 wakati dashibodi inahesabu 100, hivyo gari linaloonekana kwenda kilomita 9 kwa lita kwa kweli linakwenda 9.9. Sehemu iliyobaki ni hasara halisi, kwa maana tairi hilo ni zito, na gia ya tano imekuwa ndefu kuliko nguvu ya injini, kwa hiyo unabaki kwenye ya nne. Kumbuka pia kwamba spidi mita sasa inakudanganya: ikisoma 50 kijijini, wewe uko 55. Rudisha saizi ya kiwandani, jaza upepo asubuhi kabla tairi halijapata joto, na usiupunguze mchana eti kwa sababu lami ni moto. Ukiwa barabara kuu nenda 80, maana upinzani wa hewa kwenye 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 80.

Kijijini kwetu dizeli ya madumu ni nafuu kuliko ya sheli. Kuna ubaya? (Msomaji, Mpwapwa)

Upo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kuyatambua mafuta halali, kwa sababu uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa umekithiri, na dumu la kijijini halina wa kulipima. Mafuta ya taa yana nishati ndogo kwa kila lita kuliko dizeli, kwa hiyo unafuu wake unaishia njiani. Zaidi ya hayo, pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, ndiyo maana pampu hulika mapema, na kuitengeneza ni gharama inayozidi madumu ya miaka mingi. Kama umekwisha kuyatumia, kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari fungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa nyeupe, uiache itulie kwa nusu saa. Ukiona maji yamejitenga chini, shusha tangi lisafishwe kabla hujasafiri tena.