Homoni baada ya kukoma hedhi: maudhi yake kwangu, na yaliyonipeleka hospitali

Mleta uzi, pole kwanza. Nimesoma ulivyoeleza: una miaka 51, hedhi ilikoma zaidi ya mwaka uliopita, wiki tano sasa unatumia vidonge vya homoni, matiti yanauma hadi sidiria inakera, na juzi umeona damu. Halafu mdau mmoja akakwambia vimwage chooni kabla havijakuletea saratani. Usivimwage kwanza. Mimi nina miaka 55, nakwenda mwaka wa nne na homoni, na hayo yako karibu yote yalinipata.

Nilianza kwa ajili ya joto. Hapa Dar mwezi wa pili kila mtu analia joto, kwa hiyo mwanzoni nilijipa moyo kwamba ni mji tu. Lakini Julai, watu wanajifunika, mimi nalowanisha kanga mbili usiku mmoja. Ni mwalimu, basi nipo ubaoni, naona linapanda kutoka kifuani hadi utosini, chaki inateleza mkononi, watoto kimya wananitazama. Usingizi ulikuwa wa saa tatu. Daktari wa wanawake alinipima presha, akauliza kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya matiti au aliyeganda damu mguuni, akanipiga utrasaundi ya kizazi, ndipo akaandika kidonge chenye homoni mbili pamoja: estrojeni, ile ya kike inayopungua hedhi ikikoma, na projestini, ya kulinda kizazi.

Hapo kwenye "pamoja" naomba nisimame kidogo, maana kuna dada huku juu amesema ile ya pili anairuka kwa sababu inamtia hasira. Dada yangu, mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake, ukuta wa ndani wa kizazi unanenepa, na ukiachwa hivyo unaweza kuishia saratani. Ile ya pili ipo kuuzuia usinenepe. Aliyetolewa kizazi ndiye kwa kawaida hupewa estrojeni tupu. Kama inakuvuruga akili, ziko za aina nyingine, rudi ubadilishiwe.

Sasa maudhi yenyewe. Wiki ya kwanza kichefuchefu. Nikahamishia kidonge baada ya chakula cha usiku, kikapungua. Tumbo kujaa kama nimekula maharage ya jana. Misuli ya miguu kubana usiku. Matiti ndiyo yalinitesa, mjukuu akinirukia nilikuwa napiga kelele, lakini kufika mwezi wa tatu yalitulia yenyewe. Damu nayo ilikuja wiki ya nne, matone tu, ikaenda ikirudi kama miezi miwili. Niliambiwa kwamba miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hilo hutokea kwa wengi. Damu ya kushtukia ni ile inayoendelea baada ya miezi 6, au inayotoka kwa wingi, au ile iliyokwisha koma kisha ikarudi. Hiyo lazima kizazi kichunguzwe. Wewe bado uko kwenye wiki za mwanzo, ila umetaja kuwa una fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani, na estrojeni inaweza kuzikuza. Kwa hiyo mpigie daktari wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki.

Kilichonishinda mimi ni kuumwa kichwa na presha. Nilikuwa na 125/80 miaka yote. Mwezi wa nne nikapimwa 148/92. Nikafanya ujinga: nikaacha vidonge kimyakimya bila kumwambia mtu. Siku kumi tu joto likarudi, safari hii limekuja na hasira, nikamfokea mwalimu mkuu mbele ya wazazi. Daktari wa pili niliyemwendea ndiye aliyenieleza kitu ambacho ningependa ningeambiwa siku ya kwanza. Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kabla ya kufika kwingine, na ini likiguswa hivyo hutengeneza zaidi vile vitu vinavyogandisha damu. Ndiyo maana kidonge huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na hata mawe ya nyongo. Ya kupaka au ya kubandika hupenya kwenye ngozi, ini halipati ule mzigo wa mwanzo, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda.

Basi nikahamia kibandiko, na projesteroni ya kapsuli usiku, badala ya ile projestini. Kapsuli inaleta usingizi mzito. Kwangu ilikuwa neema, ila usithubutu kuimeza asubuhi halafu ukapande daladala. Kibandiko nacho kina vituko vyake kwenye mji wetu wa jasho. Nilikuta kimoja kimeganda kwenye shuka. Nikajifunza: kinakaa chini ya kiuno au kwenye tako, kamwe si kwenye titi, ngozi iwe kavu, isiwe na mafuta, kila ukibadilisha uhame sehemu, la sivyo ngozi inawasha na kuacha alama ya mraba. Bei ni kubwa, bima yangu haikigusi, na kuna mwezi nilizunguka famasi sita. Hilo nalo lipigieni hesabu kabla hamjaanza.

Kunenepa? Nilipata kilo nne nikailaumu dawa. Dada yangu wa damu hajawahi kugusa homoni, umri huohuo kapata kilo saba.

Tuje kwenye saratani, maana ndiyo inayowakimbiza watu. Hofu kubwa ilitokana na utafiti wa Marekani uliositishwa kabla ya muda mwaka 2002. Ulikuwa na wanawake zaidi ya 16,000 wenye vizazi, wastani wa umri wao 63, yaani wengi walikuwa wameshapita mbali na kukoma hedhi. Kwa waliotumia homoni mbili, katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8, na kiharusi 8. Kuvunjika nyonga kukapungua. Projestini waliyopewa ni dawa ileile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ila ya kumeza. Kundi jingine, la waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni tupu, matiti hayakuonyesha ongezeko, lakini kiharusi kiliongezeka. Kwa hiyo anayesema hakuna hatari anakudanganya, na anayesema utakufa naye anakudanganya. Hatari ya zile mbili kwa pamoja hupanda kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Mimi nimeikubali, napima matiti kila mwaka, presha kila mwezi. Kama mama yangu angekuwa ameugua saratani hiyo, pengine ningeamua vingine.

Ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata ghafla, uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, macho kuwa ya njano. Uvimbe kwenye titi nao usiulaze. Na anayetumia dawa za TB zenye rifampisini, au za kifafa, amwambie daktari, maana baadhi huimaliza estrojeni mwilini haraka na utaona kama haifanyi kazi.

La mwisho, umesema unavificha vidonge mume asione. Wangu sikumwambia. Siku moja akakiona kibandiko kiunoni, akakaa kitandani akaniuliza kwa upole mganga amechukua shilingi ngapi. Nilicheka hadi machozi, kisha nikamweleza yote, hadi ya matiti. Siku hizi Jumatano na Jumapili ndiye anayenikumbusha kubadilisha.